Msala Uliotundikwa Kanisani

Nilichokijua kuhusu ujana wa baba yangu kilikuwa kidogo mno. Alizaliwa Unguja, akaenda kusoma uhandisi wa mashine Rumania, kisha akaja Oman wakati nchi ilipokuwa inawaita watu wake warudi, akafanya kazi kwenye mitambo ya maji mpaka akastaafu. Tulipokuwa wadogo tukimwuliza, "Baba, huko ulikosoma kulikuwaje?" jibu lake lilikuwa neno moja: "Baridi." Baada ya muda tukaacha kuuliza.

Mama alipofariki, baba alibaki katika nyumba yetu ya Hail, hapa Muscat, pamoja na kaka yangu mkubwa na mkewe. Mimi nakaa Ansab, na nafanya kazi katika maabara ya kiwanda cha dawa Rusayl, kwa hiyo siku yangu ya kukaa na baba ni Ijumaa. Ijumaa moja ya mwezi wa sita, baada ya chakula, nilikuwa nimejinyoosha kwenye zulia na simu mkononi, natafuta pa kukimbilia joto. Miezi hiyo Muscat hata bomba la maji baridi linatoa maji ya moto, na wenzangu wote kazini walikuwa na mazungumzo ya milima ya nchi hii na ile. Nikaangukia ukurasa wa Kiarabu uliosifu mji wa zamani wa Transilvania huko Rumania, unaoitwa Brashov, na vitu vya kihistoria vya kutazama huko. Kulikuwa na picha ya lango la mawe, na chini yake jina.

"Hilo si Lango la Ekaterina," baba akasema nyuma yangu.

Sikujua kama alikuwa anatazama.

"Hilo la kwenye picha ni Lango la Shkei," akaendelea. "La Ekaterina lina vinara vinne vidogo juu, kimoja kila pembe. Waliokosea ni hao walioandika."

"Baba, unapajua?"

"Nnapajua. Nimekaa miaka sita."

"Si ulisoma Bukareshti?"

"Mimi sikusema hivyo. Nyinyi ndio mliosema, nami nikawaacha."

Nikakaa kitako. Nikamwuliza kama angependa twende. Akaiangalia ile picha kwa muda, kisha akasema miguu yake haitaki ngazi. Nikamwambia sikuiuliza miguu. Akacheka, jambo ambalo tangu msiba wa mama lilikuwa adimu, akasema, "Haya. Inshallah."

Kaka yangu hakupenda. Alinivuta jikoni akaniambia, "Mzee wa umri huu unampandisha ndege mbili, kwenda kutazama makanisa?" Kaka ni mtu wa dini sana, na ni mwema, lakini kuna mambo akiyasikia uso wake hufunga. Daktari aliposema baba anaweza kusafiri, kaka akaacha ubishi, akamnunulia baba koti zito.

Tulifika Brashov mchana wa jua laini. Mji umekaa bondeni, na mlima wenye msitu umesimama juu yake karibu kabisa, kama ukuta wa nyuma wa nyumba. Nilikuwa nimeandika orodha ya sehemu za kuona. Baba aliisoma hotelini, akaikunja, akanirudishia. "Weka," akasema. "Nitakutembeza mimi."

Na kweli alinitembeza. Alikwenda polepole, fimbo mkononi, bila kumwuliza mtu njia. Kwanza Lango la Ekaterina, na vinara vyake vinne. Akanieleza kwamba zamani wenye mji, wafanyabiashara wa Kijerumani, waliishi ndani ya ukuta, na Warumania waliishi nje, mtaa wa Shkei, wakipita malangoni kwa saa walizopangiwa. "Niliposikia hayo mara ya kwanza," akasema, "nikaona kumbe kila mji una watu wa ndani na watu wa nje." Kisha akanipeleka kwenye kichochoro wanachokiita Mtaa wa Kamba, chembamba hata nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili kabla viwiko havijanyooka. Watalii walikuwa wanapigana picha. Baba akasimama katikati, akapapasa plasta. "Unguja vichochoro kama hivi vilikuwa tele," akasema. "Wenzangu darasani walikuwa wanakuja huku kucheka. Mimi nikija kutembea tu, nijihisi niko kwetu."

Jioni tulikaa kwenye uwanja wa katikati, mbele ya nyumba ya zamani ya baraza la mji yenye mnara wa saa. Nilikuwa namtazama baba akiagiza chai kwa lugha nisiyoijua. Mwanzo maneno yalimkwama. Baadaye yakaanza kutoka, na sauti yake ikabadilika, ikawa nyepesi, sauti ya mtu ambaye mimi sikumkuta. Nilifurahi, na wakati huohuo nilihisi kama nimeibiwa kitu.

Siku ya pili akasema, "Leo Kanisa Jeusi."

Ni kanisa kubwa kupita kiasi kwa mji ule, la mawe, lenye madirisha marefu. Wanaliita jeusi kwa sababu zamani moto ulichoma mji na kuta zikashika masizi. Nilidhani baba anataka kunionesha ukubwa wake. Tukakata tiketi, tukaingia. Macho yalipozoea kivuli, nikaona kitu ambacho sikukitegemea: mazulia. Yalitundikwa kila mahali, ukutani na kwenye kingo za ghorofa za pembeni, mekundu, ya rangi ya samli, na mengine ya buluu iliyofifia. Na mengi kati yake yalikuwa misala ya kusalia. Mihrabu ilikuwa imefumwa wazi kabisa, kama kwenye msala wangu nyumbani.

"Baba," nikanong'ona, "hii si misala?"

"Ndiyo. Ya Kituruki. Wafanyabiashara wa hapa walikuwa wakienda kununua huko, wakirudi salama wanalitunukia kanisa."

Alikuwa ananijibu lakini hanitazami. Alikuwa anapita zulia kwa zulia, anainua miwani, anaishusha. Akamaliza upande mmoja, akavuka kwenda wa pili, akarudi. Mwanamke kijana aliyekuwa mwangalizi wa mahali pale akatusogelea akauliza kitu. Baba akamjibu kwa Kirumania. Yule mwanamke akatikisa kichwa, akaeleza, akionesha kwa mkono. Baadaye nilijua alisema kwamba hawayatundiki yote kwa pamoja, baadhi huwekwa kando yapumzishwe na mwanga. Kisha akauliza swali jengine, na baba, akiwa amesimama na fimbo yake, akaanza kumsimulia.

Alisimulia kwa muda mrefu. Mimi nilisimama pembeni kama mgeni, sielewi hata neno. Nilichoona ni kwamba yule mwanamke aliacha kutabasamu, akaweka mkono kifuani, akenda kuleta kiti. Baba alipokiona kile kiti akakitazama sana kabla hajakikalia. Nikapiga magoti mbele yake.

"Baba, umemwambia nini?"

"Nimemwambia kuhusu bibi yako." Akaegemeza fimbo kwenye goti. "Kaa, mwanangu. Na wewe nikwambie."

Baba alikuwa mwanafunzi wa miaka ishirini na moja hapo Brashov. Hali ya Unguja ilikuwa imebadilika, pasi yake ya kusafiria imekwisha na hakuna wa kumwandikia nyengine, hawezi kwenda popote. Siku moja akapata barua ya ami yake, mistari miwili: mama yako ametangulia, mwombee. Tarehe ya msiba ilikuwa ya miezi mitatu nyuma.

"Miezi mitatu," akasema. "Nilikuwa nacheka, nacheza mpira, na mama yangu yuko chini ya ardhi. Ami yangu aliona hakuna haraka."

Mji ule haukuwa na mskiti. Katika bweni walikuwa wanne chumba kimoja, na kusali mbele yao hakuthubutu kujaribu. Akakumbuka mazulia aliyoyaona kanisani siku walipopelekwa na mwalimu. Akaingia Ijumaa, akatafuta msala wenye nguzo mbili na taa iliyoning'inia katikati ya mihrabu. Akatoa dira yake ya darasani akatafuta kibla. "Msala hauelekei kibla," akasema. "Nilijua. Nikageuka kidogo tu, bega langu likawa kwenye msala. Sala ya maiti haina rukuu wala sijda. Unasimama tu. Nani angejua? Mtu akiniona ataona mwanafunzi anatazama zulia. Nikamsalia mama yangu pale."

Lakini mtu alijua. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kijerumani, mtunzaji wa kanisa, aliyemwona machozi yanamtoka. Hakumwuliza lolote. Akaleta kiti, akamwekea, akarudi kwenye kazi yake ya kufagia. Ijumaa ya pili baba alipokuja, kiti kilikuwa pale tayari. Na ya tatu. Akaenda kila Ijumaa mpaka alipomaliza masomo, akikaa na kumsomea mama yake dua kimoyomoyo, na yule bibi hakuwahi kumtoza tiketi wala kumwuliza dini yake.

"Kwa nini hukutwambia siku zote hizi?"

"Ningesemaje? Nimemsalia mama yangu kanisani? Watu wangenielewa?"

Msala wenyewe hatukuuona. Yule mwanamke kijana alileta kitabu cha picha, baba akafunua kurasa, akasita kwenye mbili tatu, mwisho akakifunga. "Sina hakika tena," akasema. "Basi, si kitu."

Tuliporudi Muscat sikumwambia mtu. Niliona si langu la kusema. Lakini Ijumaa ya kwanza, sahani zikiwa bado hazijaondolewa, kaka akauliza kwa adabu, "Baba, huko mliona nini cha maana?" Nami nikamsikia baba akianza, kwa Kiswahili, kutoka kwenye barua. Hakuruka kitu. Alipofika kwenye kanisa nikamtazama kaka. Uso wake ulifunga kama nilivyoogopa.

"Umesali kanisani?" akauliza.

"Nimesali. Na ningekuwa na pahala pengine ningekwenda."

Kaka akainuka, akatoka nje uani. Mkewe akaanza kukusanya vyombo ili mikono iwe na la kufanya. Baba alikaa vilevile, anapanga makombo ya wali kwenye sahani kwa kidole. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kumwambia kaka, makali, aliporudi na kukaa palepale alipokuwa amekaa.

"Bibi aliumwa nini?" akauliza.

Tulitazamana. Sisi wote, watu wazima wenye watoto, hatukuwahi kuuliza.

"Sijui," baba akasema. "Barua haikusema. Baadaye niliona haya kuuliza."

Shangazi yetu, mdogo wake baba, bado yuko Unguja. Kaka akachukua simu akampigia, akaweka sauti ili sote tusikie. Baada ya shikamoo na marahaba, akamwambia baba anasikiliza, akamwuliza moja kwa moja. Shangazi akasema kama mtu aliyekuwa akingojea kuulizwa.

"Homa ya mapafu. Siku tisa. Mie nlikuwa na miaka kumi na mbili, nnakumbuka yote. Ami alitaka kukupelekea telegramu, kaka. Mama akamkatalia. Akasema, 'Mwanangu ana mitihani, mwacheni amalize, ndo mumwambie.' Akatuapisha wote, mpaka jirani."

"Mama ndiye aliyesema?" baba akauliza.

"Ndiye. Ami alikaa na barua ile miezi, hana raha. Alikuwa hata chakula hali vizuri."

"Mbona hukunambia?"

"Hukuniuliza, kaka. Nikajua hutaki kukumbushwa."

Baba akamwomba aseme tena, tangu mwanzo, siku ya kwanza mpaka ya tisa, na shangazi akasema tena. Kaka alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili karibu na sikio la baba, mkono wa mzee usichoke.

Ami yule alikwisha kufa zamani, na tangu barua ile baba hakuwahi kumwandikia hata salamu. Mwezi wa kumi na mbili kaka alimpeleka Unguja. Mimi sikupata likizo. Kaka alinipigia akiwa makaburini, akaniambia wamemzuru bibi asubuhi, na sasa baba yuko kwenye kaburi la ami, amekaa chini, anazungumza, na hataki kuharakishwa.