Wino wa Zambarau wa Papa Kasimiri

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka, hata sasa nimezeeka hivi, mkono unakwenda wenyewe kushika kifua. Nilikuwa msichana wa kuolewa, naimba sauti ya kwanza katika korali ya parokia yetu hapa Kalemie. Mbele ya macho yangu, mzee niliyemheshimu kuliko wote alichukua karatasi niliyoiandika kwa mwandiko wangu bora, akaitia ndani ya karai la maji. Aliitia kwa makusudi, polepole, kama mama anayeogesha mtoto mchanga. Nilipiga ukelele mpaka majirani wakaja wakidhani kuna msiba.

Nakuambia hivyo kwa sababu ya hizi chupa zako za wino. Umerudi nazo kutoka Kigoma, umezipanga juu ya meza yangu ya kulia. Kuna mweusi, kuna bluu, kuna kijani cha sombe, majani ya muhogo, kuna huo mwekundu unaofanana na divai ya padri. Tangu jana unachora mistari, unadondosha maji juu yake, unapiga picha na simu. Meza yangu imepata madoa, lakini tuyaache hayo. Unaniuliza, Bibi, wino upi utashika zaidi, nipate kuandika wimbo wa Papa Kasimiri kabla... halafu ukanyamaza. Kabla sijafa. Sema tu, mimi si yai.

Basi weka kalamu chini kidogo unisikilize. Habari za kulinganisha wino umezikuta kwangu, mimi nilizifanya kabla mama yako hajazaliwa.

Papa Kasimiri njo alikuwa mwalimu wetu wa kuimba. Alitoka Kongolo kwa treni akiwa kijana, mapadri wamemfundisha noti. Alifika hapa ziwani, akaoa Mama Leonia, akabaki. Alitunga nyimbo, na sisi tuliziimba kwa kusoma. Hapo uelewe jambo moja: sisi tulikuwa korali ya noti, na tulijivuna kwa hilo vibaya sana. Wenzetu wa vijijini waliimba kwa kichwa tu, tukawacheka, tukawaita watu wa shamba. Sisi kila mmoja alishika karatasi yake, do mi sol, macho chini, utadhani waamuzi wa tribinali. Misa ikiisha, karani wa korali alikusanya karatasi zote, akazifungia ndani ya sanduku la bati, ufunguo mfukoni. Hakuna aliyekwenda nyumbani na wimbo. Wimbo ulilala kwenye sanduku mpaka Jumapili nyingine.

Na mwandishi wa karatasi hizo nilikuwa mimi. Masista walinifundisha mwandiko, nikapewa kalamu ya wino, basi nikajiona nimefika. Kalamu za biki zilikuwako tayari, lakini Papa Kasimiri hakutaka kuziona. Alisema zinakwaruza karatasi kama kuku.

Halafu Mama Leonia akafa. Hakuugua muda mrefu. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu: siku ya kumzika tumwimbie wimbo ule mume wake aliomtungia walipooana. Wimbo ule tuliuimba kila mara, tangu mimi mutoto mudogo ninauskia. Tulifika makaburini, korali nzima, tumevaa sare. Tukageuka kumtafuta karani na karatasi zake. Karani hayuko. Alipanda treni kwenda Nyunzu kununua mahindi, na ufunguo wa sanduku ulikuwa kwenye suruali aliyovaa.

Tukasema si kitu, wimbo tunaujua. Tukaanza. Mwanangu, mstari wa kwanza ulitoka, wa pili ukakatika katikati. Huyu anavuta huku, yule anavuta kule, wengine midomo wazi bila sauti. Tukanyamaza. Korali ya noti! Watu wakatutazama, na sanduku la marehemu lilikuwa bado juu, kwenye kamba. Papa Kasimiri alikuwa amesimama kofia mkononi. Alitungoja. Alipoona hatuna kitu, aliuimba wimbo peke yake, na sauti ile ya mzee mwenye kilio, mpaka nayo ikamwishia. Nilitamani ardhi inimeze mimi kwanza kabla ya Mama Leonia. Hakutugombeza hata neno moja. Angetugombeza ingekuwa nafuu.

Ukapita muda. Akaanza kukohoa, akadhoofika, mkono ukawa unatetemeka hata kushika kikombe ni kazi. Siku moja akaniita nyumbani kwake. Akasema ametunga wimbo wa mwisho, wa kuimbwa siku yake mwenyewe, na atanitamkia niuandike. Lakini kwanza nimjaribie wino. Kila wino ninaoweza kupata mjini, niulinganishe na wenzake, nimletee habari ya kila mmoja: upi unashika na upi haushiki.

Nilifurahi. Nilijua anachotaka. Alitaka wino ambao hautafutika milele, wimbo wake usipate aibu kama ile ya makaburini. Nani asingefikiri hivyo? Nikazunguka. Nikapata bluu katika duka moja la karibu na stesheni, nikapata mweusi mzito uliovushwa kutoka Kigoma, na masista wakanimiminia kidogo wino wao wa zambarau. Ule wa zambarau, jamani, ulikuwa mzuri! Ukiandika nao, hata orodha ya chumvi na sabuni inageuka barua ya mapenzi.

Nikaandika mstari uleule kwa kila wino, nikakata karatasi vipande. Vingine niliviweka juu ya mabati, na jiwe juu yake, vipigwe na jua. Vingine nilivipaka mawese kwa kidole, kwa sababu wanakorali wetu walikuwa wanakula halafu wanashika karatasi bila kunawa. Vingine nilikwenda navyo ziwani, nikainama kwenye mawe, nikavitumbukiza majini.

Bluu ilikaa majini vizuri, lakini jua liliinyonya mpaka ikawa kama maji ya kuoshea sahani. Mweusi wa Kigoma ulikuwa mbaya wa sura, unanuka, unaziba kalamu, lakini haukutikisika. Jua, mawese, maji, vyote uliviangalia tu. Nikabaki na ule wa zambarau. Nikautia ziwani. Mwanangu, sikuwahi hata kuhema. Rangi ilitoka kwenye karatasi kama moshi, ikaenda na wimbi, nikabaki nimeshika kipande cheupe kabisa. Nilikigeuza nyuma nione kama maandishi yamehamia upande wa pili. Hakuna. Nilishtuka kana kwamba kuna mtu amezama.

Nikampelekea Papa Kasimiri vipande vyangu vyote. Alivikagua kimoja kimoja, akavinusa, akanisifu. Alikishika kile cheupe muda mrefu kuliko vingine. Nikamweleza kwamba hapana haja ya kufikiri, tuandike wimbo wote kwa mweusi. Akatikisa kichwa. Sauti ya pili, ya tatu na ya nne, niziandike kwa mweusi. Ya kwanza niiandike kwa zambarau.

Nilidhani homa imempanda. Sauti ya kwanza njo inabeba wimbo wenyewe, bila hiyo nyingine zinakuwa wasindikizaji wasio na bibi harusi. Nikamwambia, Papa, huo ndio unaokimbia. Akajibu kwamba amenisikia tangu mara ya kwanza, kifua kinauma lakini masikio ni mazima. Nikachovya kalamu. Nikaandika. Alinitamkia noti moja moja, akinirudisha nyuma kila nilipokosea, na wimbo ulikuwa mtamu mpaka nikasahau hofu yangu.

Jumapili mchana akaita korali nzima kwenye ua wake. Wanaume wa sauti nyingine wakapewa karatasi zao za wino mweusi. Sisi wa sauti ya kwanza tukapewa karatasi moja tu, ya zambarau, tukabanana kuisoma. Tuliimba, tukarudia, tukarudia tena, mpaka koo zikawaka na kuku wakaanza kuingia bandani. Ndipo akaniomba nimletee karai la maji. Nilidhani anataka kunawa uso.

Alinyoosha mkono, nikampa karatasi. Akaitia.

Nimekwambia nilipiga ukelele. Nilipiga magoti pia, nikaingiza mikono yote miwili ndani ya karai kuiokoa, nikatoka na vidole vya zambarau na karatasi tupu. Mama mmoja alianza kulia. Mwanaume mmoja wa sauti ya nne alisema kwa nguvu kwamba mzee amepata wazimu, apelekwe hospitali. Na mimi nilikasirika, sikufichi. Nilimwambia mbele ya watu kwamba ameua kazi yangu na wimbo wake mwenyewe.

Papa Kasimiri alingoja nimalize. Halafu akasema, kwa sauti ya chini:

"Mutoto yangu, mwandiko yako ni muzuri sana. Lakini siku Leonia anazikwa, mwandiko yako ilikuwa ndani ya sanduku, na wewe ulikuwa mbele yangu, kinywa kimefungwa."

Maji ya karai yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye viwiko vyangu, sikuthubutu kujipangusa.

"Sasa muimbe," akasema.

Tukaimba. Tuliangukia mstari wa pili, palepale tulipoangukia makaburini. Akagonga chini na fimbo yake, tukaanza upya. Tukaanguka mbele kidogo. Akagonga tena. Tangu siku ile tulikwenda kwake kila tulipopata nafasi. Mimi niliuimba nikifua, nikitwanga, nikichambua ndagala wa ziwani, mpaka mama yangu akaniomba nipumzishe nyumba. Nilikuwa bado na hasira. Niliimba kwa hasira, na wimbo uliingia hivyohivyo.

Alipofariki, tulimpeleka makaburini mbingu imefunga. Unaijua mvua inayotoka ziwani, haibishi hodi. Ilitupiga tukiwa tumekwisha kulizunguka kaburi. Wanaume wakafungua karatasi zao, na wino mweusi wa Kigoma, nauheshimu mpaka kesho, haukutoka hata nukta. Ila karatasi yenyewe ililegea, ikawa ugali. Nilimwona yule yule wa sauti ya nne, aliyetaka mzee apelekwe hospitali, anajaribu kuunganisha vipande kwenye kiganja, noti zake zinasomeka vizuri sana na hakuna hata mbili zinazofuatana. Akainua uso kunitazama. Sitausahau uso ule. Alikuwa kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Sisi hatukuwa na cha kufungua. Tukafungua midomo. Mstari wa kwanza ukatoka, wa pili ukatoka, mvua inatuingia kinywani na sisi tunaendelea, na wanaume wakatufuata kwa kusikiliza, wamezitupa karatasi. Tulimwimbia mpaka mwisho. Mimi nililia na kuimba kwa pamoja, kitu nilichodhani hakiwezekani. Njiani kurudi ndipo niliposhtuka kweli kweli. Mzee yule alijua. Alinituma nikatafute wino dhaifu kuliko wote, apate kuukabidhi kitu alichokipenda kuliko vyote. Mpaka leo nikiwaza, nywele zinanisimama.

Sasa, mwanangu, nikwambie kinachonitisha zaidi ya karai lile. Kwenye benchi letu la sauti ya kwanza nimebaki mimi. Mwenzangu wa mwisho yuko Moba, masikio yameziba, hanisikii tena. Vijana wa korali ya leo wanaimba wakitazama simu, na umeme ukikatika wanatazamana. Mimi nawaona, na nakumbuka kaburi la Mama Leonia. Wimbo wa Papa Kasimiri uko ndani ya kifua hiki kimoja, nacho kimeanza kupiga filimbi usiku. Na wewe umekuja kunisaidia, nakushukuru, lakini tangu jana umeuliza habari za wino tu. Hujaniomba hata mara moja nikuimbie.

Ukitaka kulia, lia tu. Sikugombezi, nakupa nilichopewa.

Jaribu wino wako, ulinganishe, hiyo ni kazi nzuri na mimi naipenda. Ule mweusi wa chupa ya mraba ndio utakaoshika, nimeuona tangu jana. Kwa huo tutauandika wimbo huu, sauti zote, na karatasi utaifunika vizuri. Lakini hiyo itakuwa baadaye. Kitu unachokipenda usikiachie karatasi peke yake wala usikiachie simu, kwa sababu siku utakayokihitaji ufunguo utakuwa Nyunzu. Kiingize mwilini kwanza, urudie mpaka watu wa nyumba wachoke nawe. Na ukikosea mbele yangu usione haya, kosea hapa uani, usikosee makaburini. Ukishaujua, tafuta mwingine umpe, kwa kinywa, kabla hajakuomba.

Haya, funika chupa zako, njoo usimame hapa karibu, sauti yangu haifiki mbali. Mungu akupe kifua kipana, mwanangu. Akupe watu wa kuwaimbia wakiwa bado wanasikia, na koo lisilokukimbia mbele ya kaburi la mtu wako. Na siku yangu ikifika, mvua ikitaka kunyesha, inyeshe tu.