Bei ya Debe Tupu

Anayedhani Marekani ni mbali hajasimama kwenye duka la ufukweni kwetu siku ya soko. Juzi nilimkuta humo mama mmoja mkulima akilikagua debe tupu la mafuta ya taa kutoka Marekani, akiligonga kwa vidole na kutabasamu. Mlangoni alikaa mfinyanzi wa Kikisi, kabila la wafinyanzi hodari wa ufukwe huu, na vyungu vyake, ambavyo mkulima huyo alikuwa amevipita bila hata kuviangalia.

“Bei yake?” mkulima akauliza.

Mwenye duka amekwisha kujifunza desturi yetu. “Kama chungu, mama. Lijaze mahindi, mahindi yabaki kwangu, wewe uondoke nalo.”

“Ndaga,” mama akashukuru, akaanza kumimina kutoka kapuni.

Mwenye duka akanogewa na maneno. “Huko Marekani siku hizi mwanamke hachafui mikono kwa udongo. Mashine zinatoa madebe haya kutwa. Mafuta yakiisha, madebe wanayatupa.”

Mkono wa mkulima ukasita. “Wanayatupa?”

“Wanayatupa. Ndio ustaarabu, mama.”

Mfinyanzi akasema polepole, macho yake yakiwa kwenye vyungu: “Wao kuyatupa ni ustaarabu. Sisi kuyajaza mahindi, bwana, kunaitwaje?”

 Mwenye duka alilitikisa debe, mahindi yakashuka, nafasi ikaongezeka, na mama akaendelea kumimina.

Ningemjibu mimi, maana kusema juu ya mambo kama haya gazetini ndiyo kazi yangu. Lakini zamu yangu ya kujaza debe ilikuwa imekaribia, na kapu langu la mahindi lilikuwa zito.