Kipuri Namba Mia Nne na Kumi na Saba

Kabla mashine mpya haijaletwa, hakuna mtu kiwandani aliyewahi kuulizwa ana joto kiasi gani.

Pasi alikuwa ametimiza miaka ishirini na miwili kwenye mashine ya zamani ya kufuma vyandarua. Jina hilo alipewa na wenzake mwaka wake wa kwanza, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kuwaka, na akishawaka alinyoosha kila kilichokunjamana mbele yake, awe msimamizi, fundi umeme au mpishi wa kantini. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kadi ya kazi. Hata mumewe, fundi cherehani, hakulitumia. Alimwita mke wangu, na akiwa na jambo la kuomba, bibie.

Mashine ile ya zamani ilitikisa sakafu mpaka chai ikacheza kikombeni. Ilikuwa na nyuzi elfu nne, zote zikishuka sambamba kutoka kwenye bimu, yale mapipa makubwa yanayozungushiwa uzi kabla ya kufumwa. Uzi mmoja ukikatika, chandarua kizima kinapata ufa unaoteremka mpaka mwisho. Wengine waliutafuta uzi uliokatika kwa tochi na miwani. Pasi alipitisha kiganja juu ya nyuzi kama anayempapasa mtoto mwenye homa, akasema, "Huyu hapa," na kweli alikuwa hapo.

Mashine mpya ilikuja ndani ya masanduku kumi na moja, na ukuta mmoja wa kiwanda ukabomolewa ili ipite. Ilifuma safu elfu mbili kwa dakika na ilikuwa na skrini inayosalimia. Ilijengewa chumba chake cha vioo katikati ya kiwanda, na humo vikafungwa viyoyozi vinne. Wafanyakazi sitini na watatu walikuwa wameomba feni moja kwa miaka tisa, wakaambiwa wavute subira. Mashine haikuomba kitu, nayo ikapoozewa chumba kabla haijatolewa kwenye masanduku.

Injinia, kijana mpole aliyetumwa na watengenezaji, alieleza sababu mbele ya wote. Sindano za mashine hii na vitundu vinavyopitisha nyuzi hupishana kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Chuma kikipata joto hutanuka, na kikitanuka, sindano zinagongana na kuvunjika. Kwa hiyo mashine inajipima yenyewe. Joto likizidi digrii ishirini na tatu, inasimama.

Pasi ndiye aliyechaguliwa kuiendesha. Kwa miezi mitatu alikuwa akibeba kitabu cha maelekezo mpaka nyumbani, na mumewe akimuuliza maswali huku ameuma sindano mdomoni.

"Taa ya njano ikiwaka?"

"Bimu ya pili imelegea."

"Nyekundu?"

"Nisiguse kitu, niite Injinia."

"Kumbe nina mume mwenza, hiyo mashine, na kila akitaabika unamwitia fundi. Mimi nikitaabika nakunywa panadol peke yangu."

Alikitaka kile kiti mbele ya skrini kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine kazini. Alikuwa ametumia ujana wake kusukuma chuma kibovu, na sasa alitaka, kwa miaka iliyobaki, kuketi mbele ya kitu kinachofanya kazi sawasawa.

Wiki ya kwanza mashine ilisimama mara kumi na tatu kwa siku.

Injinia alichapa rekodi, akaisoma, akaja na karatasi mkononi. "Mama, saa nne na dakika kumi ilisimama. Saa tano kasoro dakika tano ikasimama tena. Joto lilipanda upande wako tu. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nimekaa."

"Umekaa tu?"

"Nimekaa, nikatokwa jasho."

"Kwa nini utokwe na jasho kwenye chumba cha viyoyozi vinne?"

Pasi alimtazama. "Una mama, mwanangu?"

"Ninaye."

"Ana umri gani?"

"Hamsini na mbili."

"Basi kamuulize yeye. Mimi nina kazi."

Kijana alipiga simu wakati wa chakula cha mchana. Aliporudi hakuweza kumtazama Pasi usoni siku mbili nzima, lakini alikuwa ameelewa. Kipimajoto kilikuwa kwenye nguzo nyuma ya kiti, usawa wa shingo ya mwendeshaji. Kila joto la utu uzima, lile la kukoma hedhi, lilipompanda Pasi kutoka kifuani hadi utosini, mashine ya kisasa kuliko zote ilidhani inaungua.

"Si ukihamishe basi hicho kipimajoto?" akauliza Pasi.

"Nikikigusa dhamana ya mashine inakufa."

Habari zikamfikia Meneja, mtu ambaye angeona nyumba yake inaungua angetafuta kwanza fomu ya moto. Alinunua kile kipima homa cha kuelekeza kwenye paji la uso, akawapanga watu wote kantini, akawapima. Orodha ikabandikwa ukutani, toka wa moto mpaka wa baridi. Pasi alikuwa wa kwanza. Dada wa bimu, mama mwenye rika lake aliyekuwa akizungushia nyuzi, alikuwa wa pili. Mpishi alilalamika kwamba amepimwa akitoka jikoni. Meneja alijipima mwenyewe ofisini, mlango umefungwa, na kipimo chake kikawa siri ya kampuni.

"Mama, si kosa lako," alimwambia Pasi. "Lakini mwenye joto kubwa hawezi kuingia kwenye chumba kile. Jumatatu utakwenda kufungasha."

"Miaka ishirini na miwili nafuma, leo nikakunje walivyofuma wengine?"

"Kule kuna nafasi, na unaruhusiwa kuwa na joto lolote."

Kitini akawekwa Barafu, fundi wa zamu, mwembamba, ambaye watu walikwepa kumpa mkono asubuhi. Mashine haikusimama hata mara moja. Kwa siku tatu ilivuma kama nyuki aliyeshiba, na Meneja akapita mara kwa mara nje ya kioo akiwa ameunganisha mikono nyuma. Siku ya nne chandarua kilipotandazwa, kilikuwa na ufa ulionyooka kama barabara mpya, toka mita ya kwanza mpaka ya elfu mbili na mia sita. Uzi mmoja ulikatika siku ya kwanza, na Barafu hakuuona. Kamera ambayo ingeuona ilikuwa bado imekwama forodhani.

Dada wa bimu aliuchungulia ufa ule. "Hapa mbu hawatasumbuka kutafuta njia. Watapanga foleni."

"Mimi niliambiwa nikae niwe baridi," Barafu akajitetea. "Nimekuwa."

Meneja alijikuta njia panda. Bila Pasi, anatengeneza vyandarua vya kukaribisha mbu. Akiwa na Pasi, mashine inasimama. Injinia akakuna kichwa, akafungua kompyuta ya mashine, akagundua kwamba inatambua vitu viwili tu vinavyotoa joto, mtu na kipuri. Joto likitoka kwa mtu, mashine inasimama. Joto likitoka kwa kipuri, mashine inalihesabu kuwa lake yenyewe. Inapuliza ubaridi zaidi upande ule na kuendelea na kazi.

"Kwa hiyo?" akauliza Meneja.

"Kwa hiyo nikimwandika mama kuwa kipuri, tatizo limekwisha."

"Kuna kanuni inayokataza?"

"Nimetafuta. Hakuna."

Saa nane mchana Pasi alibandikwa stika ya fedha, ambayo ndiyo mashine huisoma kutambua kipuri, kwenye koti la kazi, juu ya mfuko wa kushoto. Kipuri namba 417. Alikubali, maana mbadala wake ulikuwa kukunja. Joto likampanda saa tisa kasoro robo, kiyoyozi kikageuza shingo na kumpulizia usoni, na mashine ikaendelea kufuma.

Jambo ambalo hakuna aliyelitarajia ni kwamba kompyuta, ikishapokea kipuri kipya, huchapa ratiba ya matunzo yake. Injinia alijaza alichojua, mengine mashine ikajaza yenyewe. Meneja akaisoma ile karatasi kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa binadamu. Kipuri 417 kipewe maji kila baada ya saa mbili. Kipumzishwe dakika kumi na tano kila baada ya saa tatu. Kikaguliwe na mtaalamu kila robo mwaka. Kisigongwe, kisitikiswe, kisipigiwe kelele karibu.

Asubuhi iliyofuata Meneja mwenyewe alileta maji, kwenye bilauri, juu ya sahani. Msimamizi aliyezoea kufoka alishushwa sauti kwa barua. Wiki ya tatu akaja daktari kumpima Pasi presha, jambo ambalo wafanyakazi walikuwa wameliombea mkutano mara nne wakiwa watu, wakakataliwa.

Shida ilianza getini. Jioni ya kwanza mlinzi alimulika ile stika na kumzuia kwa fimbo.

"Dada, mali ya kiwanda haitoki bila hati."

"Mali gani?"

"Wewe."

"Kaka, tunafahamiana miaka kumi na tano. Mwanao wa kwanza nilimbeba mimi hadi kliniki."

"Na sijasahau. Lakini hapo ulikuwa mtu."

Ikabidi mumewe aitwe kutoka dukani kwake, na futi ya kushonea ingali shingoni. Mlinzi alimfungulia daftari. "Shemeji, saini hapa. Hapa uandike umekipokea kikiwa katika hali gani."

Mume alimtazama mkewe juu mpaka chini, akaandika: kizuri, ila kimekasirika.

Ikawa hivyo kila jioni kwa wiki sita. Njiani mumewe alimtania kwamba ndoa yao sasa ina karatasi nyingi kuliko ya rais. Pasi alicheka.

"Unajua kinachoniuma?" alisema siku moja. "Nikiwa mtu hawakunipa hata maji. Na nikiyanywa sasa, nayanywa kwa furaha. Hicho ndicho kinachoniuma."

Kufikia hapo watu hamsini na wanane walikuwa wameandika barua kuomba kuwa vipuri. Barafu aliomba awe kipuri chochote, hata boliti. Pasi, kwa upande wake, alikuwa ameanza kumfundisha Dada wa bimu kupapasa nyuzi kwa kiganja, maana binti yake alikuwa na mimba ya kwanza na mwezi ulikuwa umewadia. Akaenda ofisini kuomba likizo ya wiki mbili.

Meneja alifungua jalada. "Kipuri hakina likizo."

"Binti yangu anajifungua."

"Kipuri hakina binti." Alisema bila ubaya, akifuata mstari kwa kidole. "Na nilitaka tuzungumze jambo jingine. Hapa pameandikwa muda wa matumizi miaka mitano. Baada ya hapo kipuri kipelekwe kwenye chuma chakavu."

"Nipelekwe mimi?"

"Bado tuna muda, mama. Ukipenda, nikufute, uwe mtu tena. Likizo utapata leo hii. Lakini mtu mwenye joto lako anajua mahali pake, ni kufungasha. Nipe jibu kesho asubuhi."

Usiku ule hakula. Mumewe alikuwa anatengeneza suti ya mteja, na akamwachia kiti cha cherehani akae apumzike, kwa kuwa ndicho pekee chenye mto. Pasi akakaa. Akakipapasa kile kiti chini yake, polepole, kwa kiganja, kama aliyepata uzi.

"Mume wangu, kiti hiki ukikikalia kinapata moto?"

"Kiti gani hakipati?"

"Sawa. Nipakulie chakula."

Asubuhi aliingia kwenye chumba cha vioo kabla ya wengine. Aliibandua stika kutoka kwenye koti, kona baada ya kona isichanike, akaibandika nyuma ya mgongo wa kiti. Kisha akaketi na kuwasha mashine. Joto lilimpanda saa mbili na nusu, kiyoyozi kikageuza shingo, kikampulizia, kazi ikaendelea.

Meneja alifika na bilauri ya maji juu ya sahani, akasimama. "Stika iko wapi?"

"Iko kwenye kipuri. Kiti ndicho kinachotoa joto, kompyuta inaonyesha joto linatoka hapa. Mimi ni mtu. Nimekikalia tu."

Meneja alimtazama Injinia. Injinia alitazama skrini kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akijibana asicheke. "Namba 417 inafanya kazi vizuri," akasema. "Kompyuta haina malalamiko."

"Kuna kanuni inayokataza?"

"Hakuna."

Meneja alibaki na sahani yake. Ratiba ilisema kipuri kipewe maji, na kiti hakina mdomo. Baada ya kufikiri sana aliyaweka maji karibu na kiti, juu ya meza, ili aliyeketi ayanywe kwa niaba yake. Daktari naye angekuja kukikagua kiti kila robo mwaka, pamoja na chochote kitakachokutwa juu yake.

"Na hiyo likizo?" akauliza Pasi, akinywa.

"Wewe si mtu?"

"Ni mtu."

"Basi jaza fomu."

"Wiki hizo mbili kiti atakikalia Dada wa bimu. Nyuzi anazijua, na joto analo. Ni wa pili kwenye orodha yako."

Kabla ya mchana habari zilikuwa zimezunguka kiwanda kizima, na zile barua hamsini na nane zikarudishwa ofisini zikiwa zimesahihishwa kwa kalamu. Hakuna aliyeomba tena kuwa kipuri. Wote waliomba viti, vyenye namba.

Jioni Pasi alifika getini na mkoba wake. Mlinzi alimulika koti, juu ya mfuko wa kushoto, akaona mahali palipobaki gundi tu.

"Kipuri kiko wapi, dada?"

"Nimekiacha ndani. Kinapumzika."

Mlinzi alifunga daftari, akainua kizuizi. Ng'ambo ya barabara mumewe alikuwa anasubiri na kalamu mkononi. Pasi akampokonya, akaitia kwenye mkoba, wakaenda kwa binti yao.