Mvulana Mwenye Rozari

Pale Mollo kila mtu alijua: ukiwa na picha ya zamani ya shule ya misheni na hujui babu yako ni yupi, mpelekee Epifania. Alisoma pale, na macho yake bado yanaona. Wala hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Mzee mmoja aliambiwa mbele ya wajukuu zake kwamba baba yake ndiye yule mwenye kaptula iliyochanika makalioni.

Jumamosi moja akaja Kalista, amefunika kitu kwa kanga. Kesho yake walikuwa wanaweka msalaba kwenye kaburi la baba yake, Cornelius, aliyefariki Kalista akiwa bado tumboni. Sura yake hakuwahi kuiona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Lete tuone."

Kilikuwa kigae cha kupachika msalabani, chenye uso wa mvulana uliokuzwa kutoka picha ya shule. Epifania aliutazama, akautambua. Huyu alikuwa kaka yake mwenyewe, Gabriel, aliyezama ziwani kule Kipili na mwili wake usionekane. Kwao haikubaki picha yake hata moja.

"Nani aliwaonyesha huyu?"

"Tulimtambua wenyewe. Babu mzaa baba alikuwa katekista, na mwenye rozari shingoni ni huyu peke yake."

Loo, rozari! Epifania aliikumbuka vizuri picha ile. Ilikuwa ya padre, naye alimvisha aliyekaa katikati ili picha ipendeze. Cornelius alikaa pembeni, akageuza kichwa, uso wake ukatoka ukungu mtupu. Epifania akisema kweli, Kalista atabaki na ukungu huo. Akinyamaza, kaka yake atawekwa juu ya kaburi la mtu mwingine. Hasira ilimpanda, ikaja huruma, hasira ikarudi.

"Mama, kuna nini?"

"Huyu si baba yako. Ni kaka yangu Gabriel."

Kalista alikikumbatia kigae kama mtu anayenyang'anywa mtoto. Machozi yakamtoka.

"Tangu kifike namwita baba. Namwamkia kila asubuhi. Sasa kesho nitamweka nani?"

Epifania aliivuta kanga, akakifunika kigae tena.

"Mpeleke," alisema. "Gabriel hana kaburi. Nitakuja mapema. Wewe utamlilia baba yako, mimi nitamlilia kaka yangu, na mtu asituulize kitu."