Mlango wa Chumba cha Mama

Mwaka ule mama alihamia kwangu Karurumo, kwenye nyumba ya mbao niliyopewa na shule nilikofundisha. Mlango wa chumba chake ulikuwa umepinda, paka akipita chini yake bila kuinama. Mama alikuwa na pumu. Mvua ndefu zilipokaribia na upepo ukaanza kuteremka kutoka mlimani, kifua chake kilianza kupiga filimbi.

Jumamosi moja, baada ya kufua na kusahihisha madaftari ya madarasa mawili, nilichukua nyundo. Mikono ilikuwa mizito kwa uchovu. Nilikata tyubu kuukuu ya baiskeli vipande virefu nikavipigilia kwenye fremu, kisha nikakunja gunia la kuziba chini. Mama alinitazama kutoka kitandani.

"Mama," akaniita, maana nina jina la mama yake, "pale kwa bawaba bado panaingia."

"Nitapafikia."

"Na pale juu."

"Nina mikono miwili tu, mama."

Nilijuta, lakini hata nguvu ya kuomba msamaha sikuwa nayo. Nikaendelea kupigilia, kwa bawaba na juu pia.

Saa kumi alasiri mvua ya mawe ilianguka kwenye mabati. Nilikuwa nimemwekea mama jiko la makaa chumbani apate joto. Nikafunga mlango. Upepo haukuingia hata kidogo. Nikaketi kando ya kitanda, nikasinzia.

Sauti yake ndiyo iliyonishtua. "Mama, kichwa kinaniuma vibaya."

Changu pia kilikuwa kinagonga, na miguu ilikuwa kama si yangu. Nikakumbuka jiko na hewa yake ya sumu. Nikasukuma mlango, lakini mpira ulikuwa umeubana. Nikaupiga bega mara tatu ndipo ukafunguka, na baridi yote ikaingia. Nikalibeba jiko nje, mvua ikalizima.

Nilimketisha mama mlangoni, amejifunika blanketi, akivuta hewa kidogo kidogo.

"Si ulisema bawaba na juu?" nikamwambia.

"Nilisema panaingia. Sikusema uzibe."

Tukacheka, hadi kikohozi kikamkatiza.

Siku hiyohiyo niliubandua mpira wa juu kwa koleo. Mvua zilipoendelea nilimvika sweta mbili, na jiko likakaa nje. Aliendelea kukohoa, nami kila asubuhi niliendelea kwenda darasani na macho mazito.