Beringi za Mashine ya Shuka

Karakana nzima ilimwita Kipimo, na jina hilo hakupewa kwa heshima. Miaka ile alipokuwa mtunza stoo, hakuna kifaa kilichorudishwa dirishani kwake bila kupimwa. Fundi akileta keekee ya kutobolea chuma, yeye anaitia kwenye chombo chake cha taya mbili, anakunja uso na kusema, "Ulichukua nzima, umeirudisha imeliwa." Mafundi wakamchoka. Kila alipojaribu kuwaeleza kwa nini keekee zinaliwa upesi, walimkata kauli: "Wewe stoo, sisi mashine. Tuachie."

Alikuwa na miaka thelathini na miwili alipomwendea msimamizi wa karakana kuomba mashine ya kukereza vyuma. Msimamizi naye alikuwa na jina lake la utani, Bwana Tosha, kwa kuwa kazi yoyote uliyompelekea, iwe imenyooka au imekwenda kombo, alisema "inatosha." Siku hiyo alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Lakini mkerezaji mmoja alikuwa ameacha kazi, mashine yake inakula vumbi, na wateja wanalalamika.

"Haya, jaribu mwezi mmoja," alisema. "Ukikata kidole usije kunililia."

Mwezi ukapita, mwaka ukapita, vidole vyote kumi vipo. Miaka ikazidi kwenda, na kila kazi iliyotaka jicho kali ikawa inapelekwa kwake kwanza.

Nyumbani alikaa na dada yake mkubwa, mjane, kwenye vyumba viwili vilivyotenganishwa na pazia. Dada alikuwa mfuaji wa hospitali. Mashine kubwa ya kufulia shuka za wodini ilikuwa imekufa, na kwa miezi mitano yeye na wenzake wanne walikuwa wakizifua kwa mikono, kwa sabuni kali ya kuua vijidudu. Ngozi ya vidole ilipasuka. Kila jioni Kipimo alimpaka mafuta ya mgando, na dada alitania kwamba amepata mtumishi bila kumtafuta.

Jioni moja kikombe cha chai kilimponyoka dada kikavunjika.

"Chenyewe kilishachoka," dada alisema, akajichekea.

Kipimo hakucheka. Aliinama kuokota vipande, na alipoinuka alikuwa ameshaamua. Siku yake ya mapumziko iliyofuata alikwenda hospitali kuiona hiyo mashine.

Fundi wa hospitali, mtu mpole asiyependa maneno mengi, alimwonyesha ndoo iliyojaa beringi zilizokufa, zile pete za gololi zinazoshika mhimili wa mashine uzunguke. "Nimebadilisha mara sita," alisema. "Hazimalizi wiki mbili. Na hizi ndizo za mwisho nilizokuwa nazo."

Kipimo aliomba pipa la mashine lijazwe shuka zilizolowa. Kisha akapiga magoti sakafuni, akavuta uzi chini ya fremu kutoka mwisho hadi mwisho, akatazama. Fremu ilikuwa ya zamani, imechomelewa na kuchomelewa tena. Uzito wa shuka ulipoingia, ililala upande mmoja kwa kiasi cha unene wa kucha. Shuka zilipotolewa, ikanyooka. Hapo akaelewa. Shafti, ule mhimili unaobeba pipa, ilikuwa inainama pamoja na fremu, lakini beringi zake zilikuwa zimebanwa ndani ya nyumba zao, yaani yale masanduku ya chuma yanayozishika, bila nafasi hata ya kupumua. Shafti inataka kuinama, beringi haiwezi kuifuata, basi zinatafunana.

"Ukinyoosha fremu leo, kesho itainama tena," alimwambia yule fundi. "Inabidi beringi yenyewe ikubali kuinama."

Zipo beringi za namna hiyo, zinauzwa. Lakini shafti ile ilikuwa ya kizamani, na saizi yake hakuna aliyeitengeneza tena. Kwa hiyo Kipimo akaichora ya kwake, nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, juu ya meza ya kulia. Angechukua beringi ya kawaida iliyokaribiana na saizi, akereze shafti kidogo iingie, halafu aivalishe pete nene ambayo mgongo wake ni wa mviringo kama mpira. Na ile nyumba ingechimbwa ndani kwa mviringo uleule, nusu ya chini na nusu ya juu, kisha zifungwe kwa bolti. Pete ingegeuka mle ndani jinsi jicho linavyogeuka bila kutoka mahali pake. Shafti ikiinama, beringi inainama nayo.

Bwana Tosha alimruhusu kutumia vyuma chakavu, mradi afanye kazi hiyo saa ya chakula. Wiki saba Kipimo alikula huku amesimama. Kukereza mgongo wa mviringo hakukuwa mchezo. Alilazimika kutengeneza mkono wa kuzungusha kisu cha mashine, na pete tatu za kwanza zikatupwa. Ya nne aliipaka masizi, akaigeuza ndani ya nyumba yake, akaitoa kutazama wapi imegusa, akaisugua tena. Alirudia hivyo mpaka pete ikawa inageuka kwa kusukumwa na kidole gumba na bado haichezi. Kisha akatengeneza ya pili, ya upande mwingine.

Siku ya kufunga mashine ilikuwa Ijumaa. Waliiwasha na shuka kumi na mbili, ikazunguka kimya, shafti ikainama na kunyooka bila kelele. Wafuaji walipiga vigelegele. Dada aliwaambia wote waliokuwapo na waliopita njia, "Ni mdogo wangu huyo. Tumbo moja."

Jumatatu, kabla ya saa nne, mashine ilipiga ukelele uliosikika mpaka wodi za juu. Moshi ukatoka, wafuaji wakakimbilia uani. Mkuu wa ufuaji alisimama mbele ya watu wote akamuuliza dada kama mdogo wake anadhani hospitali ni mahali pa kujifunzia. Dada alirudi kwenye beseni akaendelea kufua kwa mikono.

Jioni alijaribu kumweleza Kipimo. "Unajua, leo ilipoanza kulia, sisi tulikuwa..."

"Dada, tafadhali," Kipimo alimkatiza. Alikuwa ameinamia mchoro, macho yamemwiva. "Wewe unajua shuka. Mambo ya mashine niachie mimi."

Dada aliweka kijiko chini, akaenda upande wake wa pazia. Siku tatu hawakusemezana. Ndani ya vyumba viwili hilo si jambo dogo. Wanapishana mlangoni, huyu anaacha chai mezani, yule anaikuta imepoa.

Siku hizo Kipimo alizifungua nyumba zote mbili. Pete zake za mviringo zilikuwa salama, zimegeuka vizuri, grisi ipo. Beringi za ndani ndizo zilizoungua, na alama zilikuwa za ajabu. Ya kushoto ilikuwa imesukumwa kwenda kushoto, ya kulia kwenda kulia, kama vile shafti ilikuwa imerefuka. Alipima shafti mara nne. Urefu ulikuwa uleule. Akapima tena. Akaketi juu ya ndoo akihisi ameishiwa.

Usiku wa tatu, kabla hawajalala, alibisha kwenye pazia, kitu ambacho hakibishiki, akaishia kukohoa.

"Dada. Ile siku ulitaka kuniambia nini?"

Kitanda kililia upande wa pili. Halafu: "Ijumaa mlijaribu kwa maji baridi. Jumatatu tulifungulia ya moto, maana shuka za wagonjwa hazifuliwi kwa baridi. Dakika kumi tu, ikaanza kulia. Hilo tu."

Kipimo aliegemea ukuta. Chuma kikipata moto kinarefuka, jambo analolijua kila mkerezaji. Shafti ilikuwa imerefuka kwelikweli, ikakosa pa kwenda, kwa kuwa alizibana beringi zote mbili zisisogee hata unywele. Alipoipima yeye ilikuwa imeshapoa. Na kilichomchoma zaidi kilikuwa yale maneno yake, niachie mimi. Alijua aliyatoa wapi: aliambiwa hayohayo kwenye dirisha la stoo.

"Nisamehe, dada."

"Nimesikia. Kuna chakula, kipashe moto."

Alitia beringi mpya. Ya upande wa mota aliiacha imebanwa, ili mkanda usihame. Ya upande wa pili akaitengenezea pete nyingine, tundu lake kubwa kidogo tu, na ndani akaacha nafasi beringi iteleze kwenda na kurudi. Safari hii wafuaji ndio walioendesha majaribio, kwa maji ya moto na shuka za siku mbili, saa tatu mfululizo. Kipimo alisimama pembeni akitokwa jasho. Mwisho dada alikwenda mwenyewe kuweka kiganja juu ya ile nyumba ya beringi.

"Vuguvugu," alisema. "Kama chai ya mtu aliyenuna."

Mashine ilifanya kazi miaka tisa. Bwana Tosha aliwaambia wageni kwamba "tulibuni sisi," na Kipimo akameza. Lakini fundi wa hospitali aliandika barua ya kurasa mbili akimtaja kwa jina lake kamili, na baada ya barua ile walikuja wenye mashine za kupasulia mbao, wakaja wenye mashine za kukandia unga, kila mmoja akimuulizia yeye. Akapewa meza ya kuchorea karibu na dirisha. Sharti lake lilikuwa moja. Kabla ya kuchora chochote, atakaa nusu siku na anayeitumia mashine hiyo.

Mikono ya dada haikurudi ilivyokuwa. Vidole viwili vya kulia vilibaki vimekunjika. Mpaka leo Kipimo ndiye anayemfunga vifungo vya gauni kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na wakati huo dada humsimulia alichoota. Ndoto zake ni ndefu na hazina kichwa wala miguu, lakini Kipimo hungoja mpaka ziishe.