Mpaka Mama Aitishe Uji

Mama yangu alikuwa na kipandauso, na sote tulikizoea kama mgeni msumbufu asiyejua kubisha hodi. Akiwa anachuma majani chai shambani, kule kwetu karibu na Birongo, angesimama ghafla na kusema, "Ule msumeno umeanza." Alikuwa anaona meno ya mwanga machoni. Basi angekaza leso kichwani, akalale, na Baba afunge dirisha.

Sheria ilikuwa ya Baba: hakuna kufungua kinywa mpaka Mama mwenyewe aitishe uji wa wimbi. Hata kuku walifukuziwa migombani. Wajomba walishauri apelekwe kwa fundi wa jadi wa kupasua ngozi ya kichwa na kukwangua fuvu ili kuondoa maumivu, maana kwetu mafundi hao walikuwako na walisifika. Mama akawajibu, "Aanze na fuvu la aliyetoa ushauri." Nikacheka, nikakaripiwa.

Sabato moja, mwaka niliomaliza shule ya msingi, alitoka kanisani na msumeno wake, akalala. Tukanyamaza. Mchana ukapita, uji haukuitishwa. Nilitaka kuchungulia, Baba akanizuia, kidole mdomoni. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nasi hatukuusikia! Jioni nilikaidi, nikaingia. Mama alikuwa macho, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala kama si wake, machozi yanamtoka. Alikuwa akijaribu kutuita, sauti haitoki.

Hospitalini Kisii daktari alisema ni kiharusi. Kipandauso huweza kukileta, ingawa mara chache mno, na huenda Mama asiseme tena. Baba hakusikia habari ya mara chache. "Nilimfungia mimi mwenyewe," alirudia.

Tangu hapo yule mzee wa maneno matatu kwa siku akawa hanyamazi. Aliketi kando ya kitanda akisimulia mvua, mahubiri, umbea wa soko la Nyamira, kisha anaanza upya. Jamani, alituchosha! Nami nilimpenda kuliko wakati wowote. Kila mara aliuliza, "Mama Watoto, wanisikia?" Mama humfinya kwa mkono wa kushoto.

Miezi ikapita hivyo, hata baada ya Mama kurudishwa nyumbani. Siku moja nikikoroga uji, nilimsikia Baba akieleza kwa mara ya nne jinsi ndama alivyozaliwa. Sauti nzito, ya kujikokota, ikamkatiza.

"Baba Watoto... nyamaza."

Baba akatoka mbio, analia, anacheka, anatuita sote. Kisha akarudi ndani, akaketi palepale, akaanza tena habari ya ndama.